Kwenda nje kusomea uhimilishaji na uzazi wa ng'ombe: mwongozo kwa watumishi wa mifugo na wafugaji wa Unguja na Pemba

Anayetaka kwenda nje ya nchi kusomea uzazi wa ng'ombe aanze kwa kuwatazama vizuri ng'ombe atakaowarudia. Hapa Pemba, na katika sehemu kubwa ya Unguja, ng'ombe wengi ni wa kienyeji, wadogo wa umbo na wenye nundu, wanaofungwa kwa kamba chini ya minazi au pembezoni mwa shamba la muhogo. Mwenyewe huwa na mmoja, wawili au watatu, huwahamisha asubuhi na jioni, na maziwa anayokamua mara nyingi huishia nyumbani kwake na kwa majirani. Wapo pia wafugaji wa ng'ombe chotara wa maziwa, wengi wao wa damu ya Friesian au Jersey, ambao huwaweka bandani na kuwakatia majani. Hao ndio ng'ombe wako. Kozi yoyote utakayoiomba, iwe ya wiki tatu au ya miaka miwili, ipime kwa swali moja: itanisaidia nini mbele ya mwenye ng'ombe mmoja wa kamba?

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona gharama ya kulipuuza. Mara yangu ya kwanza kupelekwa nje nilisoma katika chuo kizuri cha nchi moja yenye mashamba makubwa, ambako tulifundishwa kumtambua ng'ombe aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, kwa kumtazama anapowapanda wenzake na anaposimama kimya akipandwa. Ni alama ya kweli, na vitabu vyote vinaitaja kuwa ya kwanza. Lakini ng'ombe aliyefungwa peke yake kwenye mnazi hana wa kumpanda wala wa kumpanda yeye. Niliporudi, wafugaji wakinieleza kwamba hawajaona kitu, nikadhani hawaangalii, kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijafundishwa alama zinazoonekana kwa ng'ombe wa namna hiyo: ute mwepesi unaong'aa kama ute wa yai ukining'inia ukeni au ukiwa umegandia mkiani, uke kuvimba na kuwa mwekundu ndani, kulia mara kwa mara, kuvuta kamba na kukanyagakanyaga pale alipofungwa mpaka majani yote yalale, kupunguza kula na, kwa anayekamuliwa, maziwa kushuka ghafla siku hiyo. Mama aliyemhamisha asubuhi anaziona alama hizi zote, ila hajaambiwa kwamba ndizo zinazotafutwa.

Tuna mfano wetu wenyewe wa elimu ya nje iliyofika hapa ikakaa. Kati ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o waliondolewa Unguja kwa kurusha madume waliofanywa tasa kwa mionzi, kazi iliyosaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na madume hao walizalishwa Tanga. Mbinu ilitoka mbali, lakini ilipimwa kwanza kwa hali ya kisiwa: mbung'o walikuwa wa aina moja, na bahari iliwazuia wengine wasirudi. Nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, ilipoondoka, kufuga ng'ombe chotara katika maeneo ambayo zamani wangekufa kukawezekana. Uhimilishaji, yaani kumtilia ng'ombe mbegu za dume kwa chombo badala ya kupandwa na dume, nao unahitaji kupimwa vivyo hivyo kabla ya kusafiri.

Anza karibu

Kabla ya kuomba nje, pata kwanza mafunzo ya msingi ya uhimilishaji nchini. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, ndicho kinachozalisha mbegu za madume na kutoa mafunzo kwa wahimilishaji, na mtu aliyekwisha kuyapata huko huenda nje akiwa tayari anajua kushika bunduki ya kuhimilishia, chombo chembamba cha kuingizia mbegu, na kusoma namba ya dume kwenye mrija wa mbegu. Anayekwenda nje bila msingi huo hutumia nusu ya muda wake kujifunza yale ambayo angejifunza Arusha kwa Kiswahili na kwa gharama ndogo. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete nchini Kenya, kilichoanza mwaka 1946, nacho ni mahali pazuri pa hatua ya pili, kwa kuwa wafugaji wadogo wa nchi hiyo wamezoea uhimilishaji kwa miongo mingi na utaona huduma inavyotolewa kutoka nyumba hadi nyumba.

Chagua nchi kwa kutazama ng'ombe wake

Watu wengi huichagua nchi kwa sifa zake. Ushauri wangu ni kuuliza kwanza: joto la huko likoje, ng'ombe wao ni wa aina gani, na mfugaji wao ana ng'ombe wangapi?

India inakaribiana nasi kwa mambo yote matatu. Ina joto, ina ng'ombe wengi wenye nundu kama Gir na Sahiwal, na sehemu kubwa ya maziwa yake hutoka kwa watu wenye wanyama wachache wanaoyapeleka kwenye ushirika wa kijiji. Mpango wa mafunzo wa serikali ya India ujulikanao kama ITEC, ulioanza mwaka 1964, hulipa nauli ya ndege, ada, malazi na posho, na miongoni mwa kozi zake zimekuwamo za mifugo na maziwa. Ukipata nafasi ya kufika Anand katika jimbo la Gujarat, ambako ushirika wa maziwa ulikua mpaka ukawa mfano wa nchi nzima, au Karnal katika jimbo la Haryana, ambako kuna taasisi ya utafiti wa maziwa iliyoanza mwaka 1923, usitazame maabara peke yake. Omba upelekwe kwenye kituo cha kupokelea maziwa alfajiri, kwani hapo ndipo mfugaji anapotoa taarifa kwamba ng'ombe wake yuko kwenye joto.

Indonesia haitajwi sana kwetu, nami naona inastahili. Kituo cha uhimilishaji cha Singosari, karibu na mji wa Malang katika kisiwa cha Java, kimekuwa kikipokea wanafunzi kutoka Afrika. Nchi yenyewe ni ya visiwa, kwa hiyo tatizo la kuvusha baharini mbegu na naitrojeni ya baridi kali inayozihifadhi wanalijua kwa vitendo, na Mwislamu hatapata tabu ya chakula wala ya swala.

Brazil imefika mbali katika kuchanganya damu kwa nchi za joto. Walichukua ng'ombe wa Gir, ambao asili yao ni Gujarat, wakawachanganya na Holstein, ng'ombe wa maziwa wa jamii moja na Friesian, na hatimaye wakapata aina yao wenyewe iitwayo Girolando, yenye sehemu tano kwa nane za Holstein na tatu kwa nane za Gir. Ukitaka kuelewa kwa nini chotara wa robo tatu au zaidi ya damu ya kigeni huteseka katika joto na unyevu wetu, na kwa nini maziwa mengi ya kizazi cha kwanza hayaendelei kuongezeka kila unapoongeza damu ya kigeni, Brazil ni mwalimu mzuri. Taasisi yao ya utafiti wa kilimo, Embrapa, iliyoundwa mwaka 1973, ina kituo cha ng'ombe wa maziwa Juiz de Fora. Kikwazo kikubwa ni lugha, kwa sababu Kireno ndicho kinachotumika shambani hata pale darasa linapofundishwa kwa Kiingereza.

Japani, kupitia shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, JICA, hutoa mafunzo yenye nidhamu kubwa, na baadhi hufanyika Hokkaido, sehemu ya baridi yenye ng'ombe wakubwa wa Holstein. Huko utajifunza usafi wa kazi, uwekaji wa kumbukumbu na uhamishaji wa viinitete, yaani mimba changa, kutoka ng'ombe mmoja kwenda mwingine. Ng'ombe wao si wetu, lakini utaratibu wao wa kumtaka kila mwanafunzi aandike mpango wa kazi atakaoutekeleza nyumbani, na kuutetea mbele ya walimu kabla ya kuondoka, ningependa kila kozi iuige.

Maombi na karatasi

Nafasi nyingi za kulipiwa hupitia serikalini, kwa hiyo anza kwa mwajiri wako. Mtumishi wa umma anahitaji barua ya mkuu wa idara, idhini ya wizara na ruhusa ya masomo kutoka mamlaka za utumishi, na karatasi hizo zikianzia Pemba huvuka bahari zaidi ya mara moja kabla ya kukamilika. Anza mapema kuliko unavyodhani inatosha. Kwa India, ulizia katika ubalozi wao mdogo uliopo Unguja. Kwa JICA, ofisi yao ipo Dar es Salaam. Mfugaji binafsi au kijana aliyemaliza stashahada asikate tamaa, lakini ajue kwamba atahitaji ushirika au kikundi kilichosajiliwa kiandike kwa niaba yake, pamoja na barua ya sheha na ya ofisi ya mifugo ya wilaya inayoeleza kazi anayoifanya.

Katika barua ya maombi, andika takwimu za kazi yako. Sentensi inayosema unataka kuongeza ujuzi ili kuendeleza sekta ya mifugo imeandikwa na kila mwombaji. Andika badala yake kwamba unahudumia shehia kadhaa, kwamba mwaka uliopita ulihimilisha ng'ombe kadhaa na kati yao walioshika mimba walikuwa kadhaa, na kwamba unalotaka kulijifunza ni kupunguza idadi ya wanaorudi kwenye joto. Pasi ya kusafiria iwe na muda wa kutosha. Ulizia mapema kama nchi unayokwenda inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa chanjo hiyo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa.

Swali la kuwauliza kabla ya kukubali

Uliza ni ng'ombe wangapi hai utakaowaingizia mkono wewe mwenyewe. Uhimilishaji ni ujuzi wa vidole. Ndani ya utumbo mpana, gizani, mkono unatakiwa uishike shingo ya kizazi iliyo ngumu kama shingo ya kuku, uiongoze bunduki ipite mikunjo yake moja baada ya nyingine, kisha mbegu ziachwe taratibu mara tu baada ya kuvuka, katika mwili mfupi wa mji wa mimba, wala zisisukumwe ndani zaidi. Hakuna picha ya ukutani inayoweza kuufundisha mkono huo. Kozi nzuri huanza na vizazi vilivyotolewa machinjioni, ambavyo mwanafunzi huvishika mezani akitazama, kisha humpeleka kwa ng'ombe hai siku baada ya siku. Wakikujibu kwamba vitendo ni ziara ya siku mbili shambani, mimi nisingeondoka nyumbani kwa hiyo, hata ningelipiwa kila kitu.

Ukiwa huko

Yapo mambo manne ambayo mwanafunzi wa visiwani hapaswi kurudi bila kuyashika vyema.

La kwanza ni wakati. Mzunguko wa joto wa ng'ombe ni wa siku 21 hivi, kati ya 18 na 24, na yai hutoka baada ya joto kwisha, takriban baada ya muda wa saa 10 hadi 14. Ndiyo maana ng'ombe aliyeonekana asubuhi huhimilishwa jioni yake, na aliyeonekana jioni huhimilishwa asubuhi ya pili. Ng'ombe mwenye nundu huwa na joto fupi kuliko ng'ombe wa kigeni na mara nyingi huanza usiku, kwa hiyo waulize walimu wao wanafanyaje kwa ng'ombe kama huyo, na uandike majibu yao neno kwa neno.

La pili ni kupangilia joto kwa sindano. Kwa mwenye ng'ombe wa kamba hii ndiyo elimu yenye manufaa makubwa, kwa sababu badala ya kumsubiri mfugaji aone alama, ng'ombe kumi wa shehia moja wanaweza kuletwa kwenye joto siku zinazokaribiana na mhimilishaji akafika mara moja. Njia ya kawaida ni sindano mbili za prostaglandini zilizopishana siku 11. Jifunze hatari zake kwa uzito uleule: ng'ombe mwenye mimba akichomwa dawa hiyo huitupa mimba, kwa hiyo kila ng'ombe lazima apimwe kwanza, na dawa hiyo haipaswi kuguswa na mwanamke mjamzito wala mtu mwenye pumu, kwa kuwa hupita kwenye ngozi.

La tatu ni kupima mimba kwa mkono. Mwenye ujuzi huitambua kuanzia siku ya 45 hadi ya 60. Mashine ya mawimbi ya sauti huiona mapema zaidi, kuanzia siku ya 28 au 30, lakini mashine ikiharibika Micheweni hakuna fundi wa kuitengeneza, na mkono utakuwa bado upo.

La nne ni lishe, ambayo wengi huiona si sehemu ya somo. Ng'ombe aliyekonda hapati joto, hata ahimilishwe na fundi wa namna gani. Ng'ombe wa kienyeji anayenyonyesha ndama mchana kutwa naye huchelewa kurudi kwenye joto. Jifunze kumpa ng'ombe alama ya unene kwa kutazama mbavu, nyonga na shina la mkia, kisha hesabu majira yetu: mimba ya ng'ombe ni ya miezi tisa na siku chache, hivyo aliyeshika mimba mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai atazaa karibu na masika, majani yakiwa mengi, na hatahitaji kutafutiwa chakula cha kununua pale maziwa yanapokuwa juu.

Somo la naitrojeni

Waombe walimu wakupe siku nzima kwa ajili ya mtungi peke yake. Mbegu huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na naitrojeni hiyo huvukizwa kila siku hata mtungi ukifungwa na kuachwa pembeni. Kwetu kila lita hufika kwa chombo cha baharini. Meli ikiahirishwa kwa upepo, mtungi hauahirishi kupungua. Mbegu zilizopata joto hata mara moja na kugandishwa tena zimekufa, na mrija hauonyeshi dalili yoyote kwa nje. Utajua baada ya wiki tatu, ng'ombe wa watu wanaporudi kwenye joto mmoja baada ya mwingine na lawama zikiwaangukia wao.

Jifunze kupima kina kwa kijiti kikavu, kukitumbukiza mpaka chini, kukitoa, kukipunga hewani na kusoma mstari wa barafu unaojitokeza. Weka siku maalumu ya kupima kila wiki na uandike. Unapochukua mrija, kikapu kisipandishwe juu ya shingo ya mtungi, na mkono uwe na haraka ya sekunde chache tu. Kuyeyusha ni kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, kwa sekunde 40 hivi, kisha mrija ukaushwe kabisa kwa sababu tone la maji huua mbegu, na bunduki ikingwe na jua njiani kuelekea kwa ng'ombe. Kwa kuwa banda zetu ni wazi na jua ni kali, mimi huiweka ndani ya shati, kifuani, na humfunga ng'ombe kwanza kabla ya kuyeyusha. Unaposafirisha mtungi kwa gari, dirisha liwe wazi, kwani mvuke wa naitrojeni huifukuza hewa safi na mtu anaweza kuzimia bila kusikia harufu yoyote. Wajulishe watu wa chombo cha baharini kabla ya siku ya safari, uwaeleze kilichomo, na mtungi usimame wima sehemu yenye hewa.

Utakaporudi

Viatu ulivyovaa kwenye mabanda ya huko vioshwe kwa dawa na kukaushwa kabla ya kufungwa, na ikiwezekana viache hukohuko, kwa kuwa virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo husafiri kwenye tope. Usibebe mbegu kwenye mzigo hata ukipewa zawadi. Mbegu huingia kwa kibali cha mamlaka ya mifugo na cheti cha afya ya dume aliyezitoa, na mlango huo ukichezewa, ugonjwa utakaoingia hautatoka kwa miaka.

Usichague dume kwa wingi wa maziwa ya binti zake pekee. Mtamba mdogo wa kienyeji akihimilishwa mbegu za dume wa umbo kubwa anaweza kuzaa kwa taabu, akafa yeye au ndama. Jersey, mwenye umbo dogo na anayevumilia joto kuliko Friesian, mara nyingi ndiye salama kwa ng'ombe wetu wa kienyeji. Namba ya dume iandikwe kila mara, ili miaka mitatu baadaye binti asihimilishwe kwa mbegu za baba yake, jambo ambalo hutokea kirahisi mahali ambapo mtungi ni mmoja na madume yaliyomo ni wawili.

Katika uandikaji huo wa nasaba, watumie wazee. Pemba tunao mchezo wa ng'ombe, na wanaoufuatilia Kengeja au Wingwi wanaweza kukueleza fahali fulani alizaliwa na nani, mama yake alikuwa na tabia gani na nduguze wako kwa nani. Kumbukumbu hiyo haijaandikwa popote. Keti nao, uliza na uandike, kwa sababu utaalamu wa kuchagua mnyama kwa ukoo wake ulikuwapo hapa kabla ya mrija wa kwanza kufika.

Daftari lako liwe na jina la mwenye ng'ombe na shehia yake, alama za joto zilizoonekana na saa aliyoziona, saa uliyohimilisha, namba ya dume, alama ya unene wa ng'ombe, na nafasi mbili tupu: moja ya siku ya 21, kuuliza kama amerudi kwenye joto, na nyingine ya siku ya 60, utakapokwenda kumpima. Nenda siku hiyo hata kama hujaitwa, na nenda na kijana mmoja wa shehia hiyohiyo aliye tayari kujifunza. Ukishampima wewe, mpe glovu naye apime, kisha aandike alichokigusa kabla hujamwambia ulichokigusa wewe.